Mbwa anajikuna usiku kucha: dawa ya kuogeshea, sindano au kidonge?

Mfugaji wa Kimara
Habari za jioni, ndugu wafugaji. Mbwa wangu wa miaka minne anajikuna tangu masika yaanze, hasa kiunoni na kwenye shina la mkia, mpaka manyoya yamenyonyoka na ngozi imeanza kutoa harufu. Duka la dawa za mifugo limenitajia dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, sindano ya ivermektini, na kidonge cha kutafuna chenye fluralana, ambacho ndicho ghali kuliko vyote. Sitaki kubahatisha kwa kiumbe asiyeweza kunieleza panapomuuma. Mngechagua ipi?

Mama wa Tegeta
Pole sana, ndugu yangu. Nimeogesha kwa amitrazi miaka mingi. Ni nafuu na inaua kupe na utitiri, ila viroboto haiwamalizi, na ukikosea kipimo mbwa hulegea na kusinzia kupita kiasi. Vaa glavu, umwogeshee nje penye hewa.

Daktari wa mifugo, Temeke
Kabla ya kulinganisha dawa, tazama mahali anapojikuna. Viroboto huanzia hapo hapo ulipotaja, na mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huteseka hata akiumwa na wachache, kwa hiyo kutowaona si ushahidi kwamba hawapo. Utitiri wa upele hupendelea kingo za masikio, viwiko na tumbo, na huweza kumwasha hata mwenye mbwa. Mzio wa vumbi au chavua humfanya alambe nyayo na kuugua masikio mara kwa mara. Mzio wa chakula hufanana na huo, nao hutambuliwa kwa kumlisha kwa takriban wiki nane chakula asichowahi kula, kwa mfano nyama ya mbuzi na viazi vitamu kwa mbwa aliyezoea ugali wa dagaa, bila kuonjeshwa kitu kingine chochote. Harufu uliyoitaja ni ya bakteria au fangasi waliokuja baadaye, wakanufaika na unyevu wa jiji letu. Hao hudhibitiwa kwa shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na povu lake likae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuza. Nashuku viroboto, lakini ngozi ikwanguliwe na kuangaliwa kwa hadubini.

Kijana wa Kigamboni
Shikamoo, daktari. Wa kwangu alipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza muwasho, bila kupimwa. Alitulia siku chache, kisha upele ukamtapakaa mwili mzima. Jirani akanishauri nimpake oili chafu ya gari. Nashukuru nilikataa.

Daktari wa mifugo, Temeke
Marahaba. Ulifanya vyema, kwa kuwa oili hiyo huunguza ngozi, na mbwa akijilamba inamdhuru ndani. Prednisoloni nayo hutuliza muwasho bila kugusa chanzo, na hupunguza kinga ya mwili wakati utitiri unaendelea kuzaliana. Kuhusu ivermektini, ile ya ng'ombe ina nguvu kubwa mno kwa mbwa ikipimwa kwa kukadiria, na mbwa wa jamii ya Collie wanaweza kufa kwayo. Kwa hali ya ndugu wa Kimara ningechagua kidonge, kwa sababu kinakinga viroboto kwa wiki 12 na huua pia kupe na utitiri, isipokuwa kama mbwa amewahi kupata kifafa. Hata hivyo, mayai na viluwiluwi vya viroboto viko kwenye matandiko na nyufa za sakafu, si juu ya mbwa, kwa hiyo usafi uendelee muda wote huo.

Mfugaji wa Kimara
Ahsante sana. Nina unga wa permetrini, dawa ya kuua wadudu, wa kunyunyizia kibandani. Paka wangu hulala humo pia. Je, kuna ubaya?

Daktari wa mifugo, Temeke
Usiutumie kabisa. Mbwa huuhimili, lakini paka hutetemeka, hupata degedege na huweza kufa. Kama umeshanyunyizia, mtoe paka humo sasa hivi.

Mfugaji wa Kimara
Bado sijaufungua. Matandiko nimeyaloweka kwa maji ya moto, na kesho asubuhi nampeleka akakwanguliwe ngozi.