Eti "nguo haina shida, shida ni mwili"!! Huyu dada wa nguo za bichi anatutakia nini?

Kiazi_Mbatata:

Wakuu salaam. Mikono inatetemeka, naandika nikiwa ndani ya bajaji, mkikuta herufi zimekosewa nivumilieni.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa ghorofa ya pili, wa "bei njoo inboksi", anayejirekodi akimwaga nguo kitandani na kusema "wapendwa, mzigo wa Ulaya umeshuka" wakati nyuma yake linaonekana kabisa furushi lina kamba ya Kariakoo. Simtaji, nisije nikaitwa kituoni kwa makosa ya mtandao, ila nusu yenu humu mna majeraha yake.

Tunakwenda Kendwa, Zanzibar, na wenzangu wa ofisini, hela tumezichanga mwaka mzima. Nikasema safari hii na mimi nivae, sio kila picha niko na fulana ya uchaguzi. Nikaona kaposti kostyumu ya kuogelea ya kipande kimoja, nyeupe, mgongo umekatwa hadi pale ambapo mama yangu angezima simu, pamoja na gauni la kuvaa juu yake: maua, mikono ya puto, mpasuo wa heshima kidogo. Chini kaandika "Zimmermann orijino, zimebaki mbili". Mnajua masharti yake, hatoi mzigo mpaka ulipe yote. Nikalipa. 185,000. Kodi ya mtu hiyo.

Leo nimekwenda kuchukua. Chumba cha kujaribia ni pazia la bafuni lenye picha za pomboo, halifiki chini, miguu yote nje. Kostyumu ikagoma mapajani. Navuta, inalia krrrr kama inaniomba msamaha. Natazama lebo: ZIMMERMAN. N moja! Chini yake "Made in Itali". Kitambaa cheupe, uzi wa kushonea mweusi. Bitana hakuna, hata kifuani hakuna. Nimeingiza mkono ndani nikaiona rangi ya kucha zangu zote tano.

Nikatoka kwa adabu zangu zote nilizolelewa nazo, nikamwambia dada samahani, hii haijanikaa, na naona kama sio yenyewe. Akanitazama kuanzia viatu. Akapandisha taratibu. Akafika usoni, akashuka tena. Halafu akasema, mbele ya watu:

"Dada yangu, nguo haina shida. Shida ni mwili."

Wakuu. SHIDA NI MWILI.

Na pale mlangoni kulikuwa na kijana wa boda anasubiri vifurushi vya kupeleka. Akacheka. Boda akacheka! Mtu kavaa koti la baridi mchana wa Dar, ananicheka mimi.

Hela harudishi, eti kuna karatasi ukutani imeandikwa "mali ikiuzwa hairudi". Anasema nibadilishe kwa dera. DERA! Mimi nilikuja kutafuta mgongo wazi, ananipa hema. Lakini hela sio hoja, nitatafuta nyingine. Hoja ni ile sentensi. Nimeshuka ngazi nayo, nimepanda bajaji nayo, hata dereva nimemsimulia. Shida ni mwili. Mwili huu huu uliolipa 185,000?

Serikali iko wapi?

Kobe_Mzee: Bila picha huu uzi batili.

Kiazi_Mbatata: Picha ya nini mkuu, lebo au mwili wenye shida?

Kobe_Mzee: Zote mbili, tulinganishe.

MamaWawili_Tegeta: Pole mdogo wangu, nimemjua kabla sijamaliza mstari wa pili. Mimi nilitaka gauni la kamba la kufungia shingoni, akaniambia "hili linataka mtu mwenye shingo". Nimefika nyumbani najipapasa, namuuliza mume wangu kama ninayo. Na yeye akafikiria kwanza kabla ya kujibu!!

Nyundo_Tisa: Mumeo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Sijali255: Mleta uzi nisamehe, lakini boda nampenda bure. Nimecheka mpaka bosi kageuka.

Kiazi_Mbatata: Cheka. Na wewe mwili wako una siku yake.

Belo_la_Asubuhi: 185,000?? Nenda Karume, soko la mitumba la Ilala, wahi belo linapokatwa. Unapata kostyumu za Wajerumani, kitambaa kizito, lebo yenye herufi zote, hela ya chipsi mayai.

DokaMstaafu: Nguo ya kuogelea ya mtumba? TBS, wale wa viwango, walishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba miaka mingi iliyopita.

Belo_la_Asubuhi: Kostyumu sio nguo ya ndani mkuu. Inavaliwa nje, mbele ya watu, kwenye jua.

DokaMstaafu: Chini yake unavaa nini?

Belo_la_Asubuhi: Sivai kitu.

DokaMstaafu: Basi ni nguo ya ndani iliyotoka nje.

Lastiki_Moja: Mimi nashona hivi vitu, niseme machache. Zimmermann ni N mbili mwishoni, ni kampuni ya dada wawili wa Sydney, walianza mwaka 1991. Ni ya Australia, kwa hiyo huyo wa kusema "mzigo wa Ulaya" hata uongo wake hajaupanga. Tena saizi zao ni za peke yao, zinaanzia sifuri. Namba 2 yao sio ile namba 2 ya mtoto wa shule, wengi hupotelea hapo.

Kostyumu nzuri ipime hivi. Ivute kwa mapana halafu uiachie: ikirudi pale pale ina spandeksi (uzi wa kuvutika) ya kutosha, ikibaki imelegea hiyo hata bwawa moja haivuki. Ishike kwenye mwanga. Nyeupe isiyo na bitana, ikilowa tu, Kendwa nzima itakusoma mpaka alama ya chanjo. Ukitoka majini suuza kwa maji baridi ya bomba, usiikamue, uianike kivulini. Klorini ya bwawani na jua ndivyo vinavyoua lastiki, sio mapaja ya mtu.

Kiazi_Mbatata: Asante kwa somo. Ila umeruka sehemu boda aliyocheka.

Lastiki_Moja: Boda sina utaalamu naye.

Mwl_Zama: Kwa faida ya wengi: bikini ya kisasa ilizinduliwa Paris, Julai 1946, na Louis Réard, ambaye kwa taaluma alikuwa mhandisi wa magari. Wanamitindo walikataa kuivaa, ikabidi amchukue mcheza dansi wa ukumbi wa Casino de Paris, Micheline Bernardini. Kwa hiyo tangu mwanzo hizi nguo...

Nyundo_Tisa: Mwalimu, nani kakuuliza?

Sijali255: Kumbe ilibuniwa na fundi magari. Ndiyo maana ikimgomea mtu inalia krrrr.

BiMwema_Ngambo: Nyinyi watu wa bara muna mambo. Miye sina neno na Kendwa wala Nungwi, mukiwa ndani ya hoteli zenu vaeni mutakavyo. Tabu yangu ni mukishuka botini pale bandari ya Malindi. Mutu kavaa nyavu, mugongo wote nje, anaingia Mji Mkongwe kununua urojo mbele ya wazee wanaotoka msikitini. Kanga moja tu jifunge jamani, kwenye begi haina hata uzito.

Kobe_Mzee: Bi mkubwa, wazungu mbona mnawaachia?

BiMwema_Ngambo: Nani kakwambia tunawaachia? Twawaambia mabega na magoti, wao watujibu "hakuna matata". Hilo ndilo lalamiko, si huyo wenu na kucha zake.

Kiazi_Mbatata: Bi mkubwa, mimi nilinunua na gauni la juu! Heshima nilikuwa nayo! Nikavunjiwa dukani!

Upepo_wa_Paje: Kendwa ya nini, kelele tupu. Njooni Paje.

MamaWawili_Tegeta: Usimdanganye mtoto wa watu. Paje ukikuta maji yamekupwa utayafuata mpaka mashamba ya mwani, kina mama wako kazini na magunia yao, wewe unapita na mgongo wazi unauliza bahari iko wapi. Afadhali Kendwa na Nungwi, huko maji hayakimbii mbali.

Upepo_wa_Paje: Maji yakijaa je? Na upepo wa kaiti, ile tiara ya kukuvuta majini, kwenu upo?

MamaWawili_Tegeta: Kaiti nirushe na shingo ipi?

Ndala_Nne: Naomba niseme, kwa sababu langu ni zito kuliko la mleta uzi. Nimempeleka shemeji yenu kuogelea hoteli moja ya huku Mikocheni, jina naliacha. Nimelipa kiingilio, nimevaa kaptula yangu ya mazoezi, ya pamba, safi, imepigwa pasi. Kijana wa bwawa kapuliza filimbi. FILIMBI. Watoto wote wakageuka. Eti "mzee, toka, hiyo sio nguo ya kuogelea". Nikaambiwa nikodi ya kwao. Wakaniletea kitu cha bluu, kidogo, kina ubaridi, kimevaliwa na taifa zima tangu uhuru.

Sijali255: Ukavaa?

Ndala_Nne: Nilikuwa nimeshalipa kiingilio.

Lastiki_Moja: Wana haki mkuu. Pamba inaachia nyuzi, zinakwenda kuziba chujio la bwawa. Tena ikilowa inakuwa nzito, inakuvuta chini.

Ndala_Nne: Mbona kulikuwa na jamaa ana ndevu mpaka kifuani, zile haziachii nyuzi?

DokaMstaafu: Hoja nzito hii. Ifunguliwe uzi wake.

Nyundo_Tisa: Hayo mabwawa yenu ya kupigiwa filimbi muache. Coco Beach ingia na suruali ya jinzi, ingia na suti, bahari haina meneja.

Kobe_Mzee: Coco kuna meneja, ni yule wa mihogo. Ukikaa karibu na jiko lake bila kununua utajua.

Kiazi_Mbatata: Jamani tusitoke kwenye mada. Kanambia SHIDA NI MWILI. Na sasa hivi nimefungua Insta, kaposti ile ile niliyoirudisha! Imekunjwa vizuri, kaandika "imebaki moja, wahi". Hela yangu anayo na nguo anayo!

Sijali255: Hapo sasa hata mimi sicheki. Kidogo nacheka.

Pwani_Likoni: Nyinyi mwalilia bikini, na umepewa dera ukakataa! Huku Mombasa sisi dera ndiyo kila kitu, ndani yake waenda ufuoni, waenda harusini, walala nalo. Shida yetu ni hawa wauzaji wapya. Nimenunua dera la zambarau, muuzaji ameapa kwa watoto wake kwamba rangi haitoki. Nimelifua mara ya kwanza, beseni zima zambarau, mikono zambarau, shuka nyeupe za mgeni zambarau. Mtoto wa jirani amepita akauliza nimechinja nini.

MamaWawili_Tegeta: Hilo la zambarau nalijua!! Langu lilinipaka kwapa, nimekaa nalo siku nzima kazini watu wananiuliza kama nimeumia.

Pwani_Likoni: Hilo hilo! La maua ya dhahabu?

MamaWawili_Tegeta: La maua ya dhahabu!!

BiMwema_Ngambo: Nguo mpya hailowekwi na nguo nyingine, hamukufunzwa? Kwanza maji ya chumvi, usiku kucha.

Lastiki_Moja: Chumvi haizuii rangi mbovu bi mkubwa. Wengine huweka siki kidogo kwenye maji ya mwisho, nayo haina uhakika.

BiMwema_Ngambo: Siki ni ya achari.

Pwani_Likoni: Na zile shuka sasa? Mgeni arudi Jumapili, shuka zake zote zambarau.

Belo_la_Asubuhi: Karume shuka zipo, nyeupe kabisa, za hoteli.

DokaMstaafu: Shuka za mtumba ni nguo za ndani au za nje?

Pwani_Likoni: Nauliza siki watia kabla ya sabuni au baada? Mtu anijibu, nimeshaziloweka.