Naomba ushauri: watoto wanaweza kuogelea ufukwe wa Shangani, Mji Mkongwe?

Mgeni wa Bara: Habari zenu, wanajukwaa. Mwezi ujao natarajia kuja Unguja na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 6 na 9, tukitokea Dodoma. Tutakaa Shangani siku 3 tu, na kwa kuwa muda ni mfupi ningependa watoto waogelee papo hapo badala ya kwenda hadi Nungwi. Jamaa yangu ananionya kwamba bahari ya mjini si ya kuogelea. Wenyeji mnasemaje?

Mkaazi wa Malindi: Karibu sana, ndugu yangu. Jamaa yako hakukosea, ila hakukueleza yote. Mitaro ya Mji Mkongwe huishia baharini, ikibeba maji ya mvua pamoja na maji machafu, kwa hiyo mvua ikinyesha watoto wasiingie kabisa kwa siku mbili tatu, hata bahari ikionekana angavu. Wala usidanganyike na vijana wanaojitupa kutoka ukuta wa Forodhani jioni. Wale wamekulia pale.

Nahodha Mstaafu: Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi, na hupwa asubuhi; siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Yakijaa sana, mchanga wa Shangani hubaki ukanda mwembamba tu. Hata hivyo ninachokiogopa mimi si mawimbi, maana upande huu wa magharibi bahari kwa kawaida imetulia, bali ni maboti ya kupeleka wageni kisiwa cha Changuu, ambayo hutia nanga na kuondoka hapo hapo ufukweni, na mwendeshaji anaporudi nyuma haoni kichwa cha mtoto.

Bi Mkubwa: Kaka, pandeni boti mwende Changuu, maji ni masafi zaidi na watoto watawaona kobe wakubwa. Patana bei ya boti nzima, si ya kichwa, na usikubali kuondoka kabla kila mtoto hajavaa jaketi la kuokolea. Mkirudi na kuingia vichochoroni, shemeji ajifunge kanga na wewe uvae shati, kwani wageni tumewazoea lakini huu ni mji wa watu na misikiti.

Mgeni wa Bara: Ahsanteni sana. Nimetazama kalenda, tutafika mwezi ukikaribia kuwa mpevu, basi asubuhi tutakwenda Changuu, na alasiri Shangani watoto watachovya miguu tu.