Tezi za shingo: kifua kikuu au saratani?

Swali: Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu mwenye umri wa miaka 24 ana uvimbe wa tezi shingoni, homa, jasho la usiku, na amekonda. Alianzishiwa dawa za kifua kikuu bila kipimo cha kuthibitisha. Huu ni mwezi wa tatu na tezi zinaongezeka. Kwa nini ni vigumu kutofautisha?

Jibu la 1: Pole sana. Dalili hizo ni za kifua kikuu cha tezi na za limfoma (saratani ya mfumo wa tezi hizo) vilevile, na kwa kuwa kifua kikuu ni kingi kwetu, ndicho kinachofikiriwa kwanza. Kipimo cha sindano nyembamba huvuta seli chache tu bila kuonyesha mpangilio wa tezi, na katika limfoma ya Hodgkin, ambayo ni aina mojawapo, seli za saratani huwa chache mno katikati ya seli za kawaida, hivyo sindano inaweza kuzikosa kabisa. Ombeni tezi nzima itolewe na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, anayeichunguza kwa hadubini.

Jibu la 2: Naongezea kama mtu wa maabara: asipewe prednisolone (dawa ya steroidi) kabla ya tezi kutolewa, isipokuwa kwa dharura, kwa sababu huisinyaza tezi na kuficha ugonjwa. Aina ya limfoma huthibitishwa kwa vipimo vya kingamwili vinavyofanywa kwenye kipande cha tezi, ambavyo hospitali nyingi za mikoani hazina.

Muuliza swali: Ahsanteni. Picha kamili ya damu ilikuwa ya kawaida, haitoshi?

Jibu la 1: Haitoshi. Limfoma inaweza kuwepo bila damu kubadilika.