Mrejesho: damu kwenye choo na hofu ya saratani

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama damu nyekundu niliyoiona juu ya kinyesi, pasipo maumivu, ingeweza kuwa saratani ya utumbo mpana. Niliwafuata waliosisitiza nisinunue dawa ya bawasiri (mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa) kabla ya kupimwa. Daktari aliuliza kwanza kama choo kiliwahi kuwa cheusi kama lami, dalili ya damu inayotoka juu tumboni, kisha akanichunguza kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, na kwa kuwa nimevuka miaka 45 na baba yangu mdogo aliugua saratani hiyo, akaagiza kolonoskopi, yaani kipimo cha kutazama ndani ya utumbo mpana kwa kamera (dawa ya kusafisha tumbo inachosha kuliko kipimo chenyewe). Ilionekana bawasiri ya ndani pamoja na kinyama kidogo kilichoota ndani ya utumbo, kilichoondolewa papo hapo. Maabara ilithibitisha kwamba hakikuwa saratani, lakini kwa kuwa vinyama vya aina hiyo vikiachwa miaka mingi huweza kugeuka kuwa saratani, nitarudia kipimo.

Maharage, mboga za majani na maji ya kutosha vimelainisha choo. Kukalia maji ya uvuguvugu kumepunguza muwasho tu. Damu bado hutokea mara chache, hivyo daktari amependekeza bawasiri ifungwe kwa mpira mdogo ili ikose damu na kunyauka.