Chumba cha kazi nyumbani: lazima kiwe cha kazi tu?

Mpiga Hesabu: Aliyejiajiri na kufanyia kazi nyumbani huruhusiwa kutoa sehemu ya pango na umeme kabla ya kukokotoa kodi. Marekani inataka eneo hilo litumike kwa kazi tu, tena mara kwa mara. Uingereza haidai hivyo. Mimi niko na Marekani. Anayeandika ankara kwenye meza ya chakula halafu akadai pango anatuibia tunaolipa.

Binti Cherehani: Anamwibia nani? Mshonaji mwenye chumba kimoja, mchana cherehani, usiku godoro. Mwenye vyumba vitano anafunga kimoja, anapata nafuu. Huyu akose, na bado aitwe mwizi? Omba radhi.

Msoma Sheria: Taratibu, ndugu zangu. Kwa Uingereza unagawa. Gharama 400 kwa mwezi, vyumba vinne: kimoja ni 100. Kikitumika kwa kazi nusu ya muda, unadai 50. Asiyetaka kugawa achukue kiwango maalumu: saa 25 hadi 50 kwa mwezi pauni 10, 51 hadi 100 pauni 18, kuanzia 101 pauni 26. Simu na intaneti hazimo humo, zinadaiwa kando.

Mpiga Hesabu: Sikumtaja mshonaji. Nasema wanaokisia! Marekani ina njia fupi: dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300. Safi kabisa.

Binti Cherehani: Na hata hiyo njia fupi inataka eneo la kazi tu. Godoro bado linamnyima. "Anatuibia" umeandika wewe, lipo hapo juu.

Risiti Kwanza: Hata Marekani inawasamehe sharti hilo wanaolea watoto wa watu nyumbani, na baadhi ya wanaotunza humo bidhaa za kuuza. Kwa hiyo si amri ya Mungu.

Msoma Sheria: Tena Uingereza chumba cha kazi tu kina hasara yake. Ukiuza nyumba, sehemu ile inakosa msamaha wa kodi ya faida.

Risiti Kwanza: Mnagombania godoro, madai yanaangukia kwingine. Mtu anadai rejesho lote la mkopo wa nyumba, wakati Uingereza inayohesabika ni riba peke yake. Pima chumba, andika saa ulizofanya kazi siku ileile, tunza bili. Saa zilizoandikwa mwisho wa mwaka kwa kalamu moja zinajionyesha zenyewe. Cherehani usiichanganye na chumba, ni kifaa, kina hesabu yake.

Mpiga Hesabu: Hapo kwenye saa nakubali.

Binti Cherehani: Kwenye saa umekubali. Radhi sijaiona.