Tupeane uzoefu: mliolelewa na walokole wa Uamsho, kuungama na kurudisha vya watu

Mjukuu wa Mlokole
Wakuu habari za jioni. Leo ibadani somo lilikuwa Luka 19, Zakayo, na mhubiri akapita mbio mstari wa 8, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne", akaenda moja kwa moja kwenye sadaka. Mimi nikabakia pale pale. Bibi yangu aliokoka kwenye Uamsho wa Afrika Mashariki, wale wa wimbo wa Tukutendereza, na kwake mstari ule ulikuwa kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi. Nimekua nikiona watu wanaingia uani na jembe, na sufuria, na kuku, "mama, hiki nilikichukua kwako mwaka wa njaa, Yesu amenionyesha". Bibi anapokea, wanaimba, chai inawekwa jikoni, yameisha. Siku hizi tunatubu kimya kimya na jembe la mtu bado liko stoo.

Kwa wadogo zetu ambao hawajui, moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, kwenye misheni iliyokuwa na hospitali, miaka ya 1930. Lakini kabla ya hapo, 1929, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa chini na Biblia wakifuatilia mistari inayomhusu Roho Mtakatifu. Yaani mwanzo wake ni watu wawili wanasoma Neno, mmoja mweusi mmoja mzungu, enzi za ukoloni. Aliyelelewa na hawa watu au aliyewahi kurudishiwa kitu atupe uzoefu.

Wa Weithaga
Huku kwetu Murang'a, Kenya, tuliwaita ahonoki, yaani waliookoka. Cucu, bibi yangu, alikuwa mmoja wao. Wakati wa Mau Mau, baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952, walikataa kiapo, na serikali ikiwaletea bunduki za homgadi, wale walinzi wa vijiji waliopigana upande wake, wakakataa pia, wakasema damu ya Yesu tumeshainywa, hatunywi nyingine, na hatuui mtu. Hivyo wakawa maadui wa pande zote mbili, na wengine waliuawa. Cucu hakupenda kuongea sana mambo hayo, lakini ukimwuliza alipata wapi nguvu alikuwa anakujibu na 1 Yohana 1:7 tu, "tukienenda nuruni". Nuruni kwake ilimaanisha ukiwa na kinyongo na jirani unaenda kwake kabla jua halijazama, hata kama ni yeye alikukosea.

Mama Twins
Kweli kabisa. Kwetu pia.

Mkatoliki Mtiifu
Nawaheshimu wandugu ila mnaongea kana kwamba kuungama kulianza Gahini. Sisi tuna kitubio miaka nenda rudi, Mtaguso wa nne wa Laterano mwaka 1215 uliagiza kila muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Na padri makini anakwambia kama uliiba urudishe. Tofauti ni kwamba kwetu ni siri, hatumwagi mambo mbele ya watoto na majirani.

Mjukuu wa Mlokole
Hakuna aliyesema kulianza Gahini mkuu. Yakobo 5:16 ipo siku zote, "ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi".

Sauti ya Nyika
Mkatoliki ana pointi lakini. Karne za mwanzo aliyeanguka dhambi kubwa alisimama mbele ya kanisa zima, kutubu kwa siri kulienezwa baadaye na watawa wa Ireland. Kwa hiyo walokole walirudia kitu cha zamani bila hata kujua. Ila niwe mkweli, fellowship za kwetu zilifika mahali watu wanaungama vitu vinavyovunja nyumba za wengine. Mtu anasimama anataja alitembea na nani, na huyo aliyetajwa mume wake amekaa benchi la nyuma! Ungama lako, la mwenzio mwachie mwenyewe.

Kijana wa Karagwe
Mimi naomba niulize bila ugomvi. Kama Uamsho ulizaliwa Rwanda na ukawasha Afrika Mashariki yote, ilikuwaje 1994 Wakristo wakaua Wakristo, tena wengine ndani ya makanisa? Mnasifia mti, matunda je?

Wa Weithaga
Swali lako linauma na sitaki kulirukia. Ila usiseme wote. Israel Havugimana alikuwa kiongozi wa uinjilisti Kigali, aliongoza juhudi za kupatanisha Wahutu na Watutsi, akauawa Aprili 1994 siku za mwanzo kabisa.

Kijana wa Karagwe
Sawa, mmoja. Na maelfu ya waliokuwa wanaimba Tukutendereza?

Sauti ya Nyika
Kijana ana haki ya kuuliza. Kanisa lilikuwa limezoea kuungama hasira na pombe na wivu, ila ukabila na siasa hakuna aliyevileta nuruni. Huo ndio mtazamo wangu.

Binti Mhazini
Nimesoma huu uzi tangu juu nikawa naandika nafuta. Ngoja niseme.

Baba yangu alikuwa mhazini wa usharika, jina la kanisa naliacha. Pesa za kupaua jengo zikapotea. Funguo walikuwa nazo watu wawili, baba na mzee mwingine wa kanisa ambaye alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, wote wawili walokole, wakikutana fellowship kila wiki. Lawama ikamwangukia baba kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwake. Akatengwa. Mnaojua kutengwa mnajua, Meza ya Bwana hukaribii, kwaya huimbi, ukisalimia watu wanaangalia chini. Sisi watoto tukaitwa watoto wa mwizi mpaka shuleni.

Sasa sikilizeni. Walimwambia mara nyingi, wewe ungama tu tukurudishe kundini, ni jambo la Jumapili moja. Mama mwenyewe alimsihi, akamwambia baba fulani kubali yaishe watoto wapumue. Baba akasema nikisimama pale niungame wizi ambao sikuiba nitakuwa nimemdanganya Mungu madhabahuni kwake, afadhali nibaki nje na kweli yangu. Akawa anakuja kila Jumapili, anakaa kwenye jiwe nje karibu na dirisha, anasikiliza neno, wakianza meza anaondoka. Miaka.

Akafa hivyo. Akazikwa bila mchungaji na bila kengele. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote maishani mwangu, siyo kifo, ni ile kengele. Kijijini kwetu akifa mtu kengele inalia na ninyi mnasimama popote mlipo. Tulibeba jeneza tunapita mbele ya kanisa, kimya, mama akaanza kuimba peke yake, wanawake wachache wakamfuata, wengine wakaogopa.

Baadaye sana yule rafiki yake akaja nyumbani. Ameishiwa nguvu, anashikwa na mjukuu. Hakukaa kwenye kiti, akapiga magoti uani akasema, mama fulani, zile pesa ni mimi. Kaka yangu akamvamia, tulimshika watu watatu. Mama hakulia. Alimwuliza kitu kimoja tu: ulikuja mazikoni? Akasema nilikuja. Mama akasema, haya, umeniambia mimi, sasa nenda ukaseme pale walipomtoa.

Wazee wa kanisa hawakutaka. Wakasema marehemu kapumzika, tusilitie kanisa aibu, yaishe kifamilia. Yule mzee akakataa, Jumapili akasimama baada ya matangazo bila kuruhusiwa akasema yote, na kiasi, na alichonunulia. Sijui niwaambie nini, mtu yule alituharibia maisha na siku ile ndiye pekee mle ndani aliyefanana na Mkristo. Mama amemsamehe. Kaka hajakanyaga kanisa lolote mpaka leo. Mimi niko katikati.

Mama Twins
Nalia jamani.

Mkatoliki Mtiifu
Pole sana dada. Nayafuta maneno yangu ya kutetea siri. Jina likichafuliwa hadharani lisafishwe hadharani.

Wa Weithaga
Baba yako alikuwa na imani kuliko waliomtoa. Pole mum.

Fundi Pikipiki
Pesa alirudisha? Maana Zakayo ni mara nne.

Sauti ya Nyika
Hesabu 5:7 inasema unarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne alijipangia Zakayo mwenyewe.

Fundi Pikipiki
Mimi ningedai mara nne na ng'ombe juu.

Binti Mhazini
Alileta ng'ombe wawili na kipande cha shamba. Mama alimpokelea ng'ombe mmoja, akampa kanisa kwa ajili ya paa. Shamba alilikataa, wajukuu zake watakula wapi.

Kijana wa Karagwe
Dada, kaka yako mwacheni. Askofu Festo Kivengere alikimbia Uganda 1977 baada ya Amin kumwua Askofu Mkuu Janani Luwum, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba chuki ilimla kwanza, mpaka Ijumaa Kuu akiwa kanisani London ndipo akaweza kumsamehe Amin. Na huyo alikuwa mlokole mkubwa. Msimpe kaka mistari, mpeni muda.

Mjukuu wa Mlokole
Muda ndiyo, ila mtu aende akakae naye pia. Binti Mhazini, kanisa lenyewe limesema nini? Jina la mzee limerudishwa?

Binti Mhazini
Hapana. Wanasema aliyekufa harudishwi kundini, hakuna utaratibu.

Sauti ya Nyika
Utaratibu wa kumtoa waliupata. Andikeni barua kwa mchungaji, nakala ofisi ya juu yake, ombeni vitu viwili: uamuzi wa kumtenga utenguliwe na uingie kwenye muhtasari wa baraza la wazee, na utangazwe ibadani. Yule mzee aweke sahihi akiwa bado hai, msichelewe.

Mama Twins
Na kengele ipigwe. Hilo liandikeni kama ombi la tatu.

Binti Mhazini
Nampigia mama sasa hivi.