Mrejesho: injini ya kilomita 180,000, kompresheni imesema ukweli

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama gari nililotaka kununua, lenye injini ya petroli ya kilomita 180,000, bado lina maisha. Asanteni wote, hasa aliyesema nisiamini kilomita za dashibodi, nipime kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa.

Fundi aliipasha injini moto, akakata umeme wa koili na wa nozeli, akatoa plagi zote nne, akakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Silinda ya kwanza 175 psi (kipimo cha shinikizo), ya pili 170, ya nne 172. Ya tatu 125 tu. Tukamimina oili kijiko kimoja humo, ikapanda hadi 160: ringi zinazoziba pengo kati ya pistoni na silinda zimekwisha. Isingepanda, tungeshuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Ushauri mwingine mlionipa, wa kuangalia moshi injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, haukusaidia, maana tulikuta muuzaji ameshaiwasha. Gari hilo nimeliacha.

Gari nililochukua lina kilomita 210,000, silinda zote zimepishana 8 psi tu, na rekodi za kubadilisha oili zipo. Nilipokosea: sikukagua pampu ya maji. Wiki ya pili ikavuja kwenye kitundu kilicho chini ya shafti. Nimeibadilisha pamoja na mkanda wa taimingi, kwa kuwa ndio unaoizungusha.